Kijiji cha Wavuvi Penye Mwisho wa Mto Nzoia

Siku ya soko katika Naitiri, mtu yeyote apitaye kati ya wauzaji ataona akina mama wameketi mbele ya marundo ya omena wakavu, wang'aao kama fedha, wakiwapima kwa mikebe na gorogoro. Mnunuzi hutazama, hubishana kidogo juu ya bei, hufungiwa samaki wake, kisha hushika njia ya nyumbani. Ni watu wachache waulizao samaki hao walivuliwa wapi, na nani, na kwa njia gani. Na ni wachache zaidi wafikirio ya kuwa maji waliyokulia samaki hao huenda yalipita kwanza kando ya shamba la mnunuzi mwenyewe.

Makala haya yakusudia kumwongoza msomaji kutoka Naitiri mpaka ufuo wa Marenga, mahali pa wavuvi hapo Port Victoria, katika nchi ya Bunyala, Kaunti ya Busia. Tutaeleza mambo ambayo mgeni huyaona huko, na jinsi kazi ya uvuvi ifanywavyo. Kisha tutaeleza jambo moja ambalo lawahusu sana wakulima wa pande zetu, yaani, mkulima wa juu na mvuvi wa chini wamefungwa kwa kamba moja, na kamba hiyo ni Mto Nzoia.

MTO WENYEWE

Mto Nzoia huanza katika milima ya Cherangany, tena hupokea maji mengi kutoka Mlima Elgon. Mito midogo ya upande wetu, kama Kamukuywa na Kibisi, huteremka kutoka Elgon na kumwaga maji yake katika Nzoia. Baadaye mto hupita Webuye, ambapo huanguka kwa kishindo katika maporomoko ya Nabuyole; kisha huenda Mumias, hupita katika nchi tambarare ya Budalang'i, na mwisho huingia katika Ziwa Victoria karibu na Port Victoria. Urefu wake wapita kilomita 250, na nchi yote ambayo maji yake ya mvua hukusanywa na mto huu ni karibu kilomita za mraba 12,900.

Yafaa tukumbuke kanuni moja nyepesi, maana ndiyo ufunguo wa mambo yote yatakayofuata. Maji yaendayo kasi huchukua udongo; maji yaendayo polepole huutua. Huku juu, penye miteremko, mto una nguvu, na kila kijito huleta mzigo wake wa udongo. Lakini ufikapo Budalang'i, ambako nchi ni sawa kama meza, mto huchoka, huzungukazunguka, na kuanza kuuweka mzigo wake chini. Hivyo ndivyo nchi ile tambarare ilivyofanyika kwa muda wa miaka mingi sana. Mtu wa Bunyala alimapo shamba lake, jembe lake huchimba udongo ambao zamani ulikuwa juu ya vilima vya watu wengine.

SAFARI

Mgeni atokaye Naitiri huweza kupitia Bungoma na Mumias mpaka Bumala, ambapo hukutana na barabara kuu iendayo Busia. Kutoka hapo huelekea upande wa ziwa mpaka Port Victoria. Njiani ataona nchi ikibadilika. Mahindi ya kwetu huachia nafasi mashamba ya miwa. Halafu miwa nayo hupungua, na mihogo na mtama huonekana. Hewa huwa nzito na yenye joto. Mwisho huonekana mafunjo, na nyuma ya mafunjo ni maji yasiyokuwa na ng'ambo.

Mtu wa kwetu asidhani kwamba anakwenda ugenini kabisa. Wanyala wa Port Victoria ni ndugu wa Wanyala wa Navakholo, wakaao kando ya Nzoia hii hii katika Kaunti ya Kakamega. Akisema "Mulembe," atajibiwa "Mulembe," na baada ya maneno machache atagundua ya kuwa mengi yasemwayo ufuoni ayafahamu bila mkalimani. Watu wengi wa huko pia husema Kijaluo, kwa kuwa Wajaluo ni majirani zao, na majina mengi ya samaki yatumikayo nchini Kenya, kama omena, mbuta na ngege, yametoka katika lugha hiyo.

Port Victoria ina habari moja ya zamani ipasayo kukumbukwa. Mwaka 1892 Kapteni Macdonald alipoongoza safari ya kupima njia ya reli kutoka Mombasa mpaka ziwani, shauri lilikuwa kwamba reli iishie pande hizo za Bunyala. Baadaye ilichaguliwa njia fupi zaidi, na reli ikafika ziwani mahali paitwapo sasa Kisumu mnamo Desemba 1901. Kwa sababu hiyo Kisumu ukawa mji mkubwa wenye gati na karakana, na Port Victoria ikabaki na jina la bandari, na wavuvi wake.

Ziwa lenyewe ni kubwa kupita maziwa yote ya Afrika. Ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba 68,800, nalo limegawanywa kati ya nchi tatu: Tanzania ina karibu nusu, Uganda sehemu 43 katika mia, na Kenya sehemu 6 tu katika mia. Pamoja na upana wake huo wote, ziwa hili si la kina kirefu. Mahali pa kina kabisa hapapiti sana mita 80. Kwa hiyo tope liingialo humo halipati shimo refu la kujificha.

UFUO NA MASHUA ZAKE

Saa njema ya kufika ufuoni ni alfajiri, wakati mashua zirudipo. Mgeni mwenye adabu hatakimbilia majini na kuanza kushika nyavu za watu au kupiga picha. Kwanza ataonana na wazee wa chama cha kusimamia ufuo, ambacho watu wote hukiita BMU. Vyama hivi viliwekwa kwa kanuni za serikali za mwaka 2007, navyo huandika hesabu ya mashua na wavuvi, huhifadhi usafi wa ufuo, na husaidia kuzuia nyavu zilizokatazwa. Akiisha kujieleza, mgeni atapewa mtu wa kumwonyesha mambo, na hapana swali lake litakaloachwa bila jibu, maana wavuvi hupenda sana kueleza kazi yao.

Mashua nyingi ni za mbao, ndefu na nyembamba, zenye mkuku chini na ncha iliyochongoka mbele. Umbo hilo lilitoka katika visiwa vya Sese huko Uganda, na mpaka leo mashua hizo huitwa kwa jina la visiwa hivyo. Fundi hupigilia mbao misumari, kisha hukalafati nyufa kwa pamba ili maji yasiingie. Nyingine huenda kwa makasia, nyingine kwa tanga, na nyingine zina mashine nyuma. Ubavuni hupakwa rangi kali na huandikwa majina, aghalabu ya kumshukuru Mungu au kumkumbuka mzazi.

Nyavu nazo zina historia yake. Wazee wa zamani walivua kwa mitego iliyosukwa kwa matete na mafunjo, na kwa nyua za fito zilizosimamishwa mtoni. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuja nyavu za nyuzi, na katika miaka ya 1950 zikaja nyavu za nailoni, ambazo haziozi upesi na wala samaki hawazioni kwa urahisi. Nguvu ya mvuvi ikaongezeka mara nyingi kuliko ilivyokuwa wakati wa babu yake. Lakini ziwa halikuongezeka.

UVUVI WA USIKU

Omena ni samaki mdogo, ambaye urefu wake ni kama wa kidole. Wenzetu wa Tanzania humwita dagaa, na wa Uganda humwita mukene. Mchana hukaa chini. Usiku hupanda juu akifuata vijidudu vidogo mno vielavyo majini, ambavyo ndivyo chakula chake. Tena hupenda mwanga. Wavuvi waliigundua tabia yake hiyo, nao wakafanya maarifa.

Jua likiisha kutua, mashua hutoka na taa zake. Zamani zilikuwa taa za karabai zilizotumia mafuta ya taa. Siku hizi wengi wametwaa taa za umeme zitiwazo nguvu na jua. Taa huwekwa juu ya maboya, huachwa zielee kwa nafasi, na wavuvi hungoja. Polepole omena hukusanyika chini ya mwanga, elfu kwa elfu. Halafu mashua huikaribia taa ya kwanza kwa utulivu, wavu wenye macho madogo huzungushwa, huvutwa, na samaki humiminwa ndani ya mashua. Huendelea hivyo hivyo taa baada ya taa mpaka karibu na mapambazuko. Mtu asimamaye ufuoni usiku wa giza huona ziwa lote limetapakaa taa, hata akadhani kuna mji ng'ambo.

Mwezi ukiwa mpevu kazi hii haifai, kwa kuwa mwanga wa mwezi huenea pote na omena hawaijali taa. Ndipo wavuvi hupumzika, hutengeneza nyavu, na huenda mashambani. Tena sheria ya Kenya imeweka miezi ya kuwapumzisha omena, kuanzia tarehe 1 Aprili mpaka tarehe 31 Julai, ili wazae na kukua. Miezi hiyo ni migumu kwa jamaa zisizo na shamba wala mfugo. Lakini mkulima ataifahamu sababu yake kwa upesi, maana yeye pia hali mbegu aliyoiweka kwa kupanda, ijapokuwa njaa imebisha mlangoni.

Hatari za kazi hii si ndogo. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Dhoruba za radi huzuka usiku kwa ghafula, na mashua nyembamba iliyojaa samaki haina mzaha na mawimbi. Kila mwaka wako wavuvi wasiorudi. Vazi la kuokolea maisha majini si urembo, na mmiliki wa mashua awanyimaye vijana wake mavazi hayo kwa ajili ya kuokoa fedha kidogo hafanyi biashara njema.

KAZI YA AKINA MAMA

Mashua zikiisha kufika, kazi ya wanaume hukoma na kazi ya akina mama huanza. Hao ndio wanunuzi. Huingia majini mpaka magotini wakiwa na mabeseni, hununua, na kuwapeleka omena mahali pa kuanikia. Wengine hutandaza juu ya nyavu kuukuu zilizowekwa chini. Walio waangalifu hutumia vichanja vilivyoinuliwa, ili samaki wasipate mchanga na kuku wasiwafikie. Jua likiwa kali, omena hukauka kwa siku moja, wakawa tayari kwa magunia na lori, na hatimaye kwa masoko ya Bungoma, Kimilili, Kitale na Naitiri.

Lakini mvua ikinyesha kabla hawajakauka, hasara ni kubwa. Samaki hubadilika rangi, huanza kuvunda, na hawafai tena kwa chakula cha watu. Huuzwa kwa bei ya chini kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Mama aliyekopa fedha ya kununulia asubuhi huweza kuwa na deni jioni bila kosa lolote lake. Mnunuzi wa Naitiri alalamikaye kwamba bei ya omena imepanda wakati wa masika, na akumbuke wingu lililopita juu ya ufuo siku ile.

SAMAKI WALIOPUNGUA

Wazee wa Bunyala wakiulizwa juu ya samaki wa zamani, aghalabu watamtaja ningu. Huyu ni samaki wa ziwani ambaye wakati wa mvua huuacha upana wa ziwa, huingia mitoni, na kupanda akishindana na mkondo ili akatage mayai penye maji mapya yaliyofurika juu ya majani. Mto Nzoia ulikuwa mmoja katika mito iliyojulikana sana kwa ningu. Mto ulipoanza kujaa, watu walitega mitego yao ya matete, na kila nyumba ilipata kitoweo, na akiba ya kukausha.

Baada ya nyavu za nailoni kuja, zilitandazwa mdomoni mwa mto wakati huo huo wa kupanda, na ningu walinaswa kabla hawajataga. Samaki anaswaye baada ya kutaga huacha watoto nyuma yake. Lakini anaswaye njiani huchukuliwa pamoja na ukoo wake wote. Katika miaka michache ningu wakawa haba. Mwaka 1965 mtaalamu wa samaki, D. A. Cadwalladr, aliandika juu ya kupungua kwa ningu na jinsi mitego ya asili ya Mto Nzoia ilivyoanza kuachwa kwa sababu hiyo. Hivyo watu walipoteza samaki, wakapoteza na ufundi wa babu zao.

Badiliko la pili lilikuwa mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara. Hakuwa mwenyeji wa ziwa hili. Alitiwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa muda wa miaka ishirini hivi hakuonekana sana. Katika miaka ya 1980 aliongezeka ghafula akalijaza ziwa. Ni samaki mkubwa mno, ambaye wengine hupita kilo 100, naye hula samaki wenzake. Aina mia kadha za samaki wadogo waitwao furu, ambao hawapatikani penginepo duniani, zilipungua sana au kutoweka kabisa.

Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba mbuta alileta hasara tupu. Alileta viwanda vya kukata minofu, barafu, malori na fedha kutoka nchi za Ulaya. Lakini minofu iliposafirishwa ng'ambo, mwenyeji wa ufuoni mara nyingi aliachiwa kichwa na mifupa, ambayo watu waliipa jina la mgongo wazi. Sasa mbuta naye amepungua, na wavuvi hulazimika kwenda mbali zaidi kumtafuta. Omena ndiye aliyestahimili, maana hukua upesi na kuzaa upesi. Kwa hiyo yeye mdogo ndiye leo achukuaye mzigo wa kulisha watu wengi.

MATOPE NA MAFURIKO

Sasa tumefikia jambo ambalo kwa ajili yake tulianza safari hii. Mgeni akisimama ufuoni mwezi wa Mei na kutazama upande wa mdomo wa Nzoia, ataona maji ya rangi ya chai ya maziwa yakiingia ndani ya ziwa. Maji hayo ni mashamba. Ni udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, ambao mkulima aliulipia kwa jasho, samadi na mbolea ya dukani.

Udongo huo ufikapo ziwani hufanya madhara ya namna tatu. Kwanza, hufunika mahali pa kuzalia samaki karibu na mdomo wa mto, na maji machafu huzuia mwanga wa jua ambao ndio ukuzao chakula cha samaki wadogo. Pili, mbolea iliyomo hulisha magugu. Gugumaji, mmea wenye maua mazuri ya zambarau uliotoka Amerika ya Kusini, ulionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 ulifunga fuo nyingi za Kenya, hata mashua zisiweze kutoka. Wadudu wa jamii ya fukusi waliletwa ili waule, na magugu yakapungua. Lakini hurudi kila yapatapo chakula cha kutosha, na chakula hicho hutoka mashambani na mijini.

Tatu, tope hujaza njia ya mto katika nchi ya Budalang'i. Sakafu ya mto huinuka, nafasi ya maji hupungua, na mvua kubwa ijapo, mto hutoka nje. Serikali ilijenga kuta ndefu za udongo kando zote mbili ili kuwakinga watu, nazo zimeokoa mengi. Lakini zimevunjika mara kwa mara. Mwaka 2003, mwaka 2007 na tena mwaka 2020, maelfu ya watu walihama nyumba zao na kukaa katika kambi, au juu ya kuta zenyewe, pamoja na watoto, mbuzi na vyombo vichache walivyoweza kubeba. Mwaka 2020 mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa sababu ziwa pia lilikuwa limejaa. Katika mwezi wa Mei lilifika kimo kama kile cha mwaka 1964, baada ya mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 kulipandisha zaidi ya mita mbili. Mto ulikuwa ukisukuma kutoka juu, na ziwa likisukuma kutoka chini, na watu walikuwa katikati.

Jambo la kushangaza kwa mgeni ni kwamba mafuriko ya Budalang'i huweza kuja wakati mbingu za huko ni nyeupe kabisa. Mvua imenyesha Elgon, imenyesha Cherangany, imenyesha Naitiri. Watu wa huku wamelala wakisikia matone juu ya bati na kufurahi kwa ajili ya mahindi yao. Maji hayo hayo, baada ya kusafiri mtoni, hufika kwa watu ambao hawakuona hata tone.

MFANO WA WALES

Taabu hii si yetu peke yetu. Huko Wales, upande wa magharibi wa Uingereza, kuna mito iitwayo Teifi na Tywi, ambayo wavuvi wake hutumia chombo cha ajabu. Ni kama kikapu kikubwa cha fito zilizosukwa, kilichofunikwa zamani kwa ngozi na siku hizi kwa turubai lililopakwa lami. Hubeba mtu mmoja, na mtu huyo amalizapo kazi hukitia mgongoni na kwenda nacho nyumbani, hata kwa mbali utadhani ni kobe atembeaye kwa miguu miwili. Vyombo viwili huteremka mtoni pamoja, na wavu mmoja kati yao, kumtafuta samoni.

Samoni ana tabia ya ningu: hukaa katika maji makubwa, naye hupanda mto ili atage. Huko nako amepungua, kwa sababu nyingi, na miongoni mwake ni uchafu na tope litokalo mashambani. Kwanza leseni za uvuvi zilipunguzwa. Kisha kanuni zilizoanza Januari 2020 ziliamuru kwamba kila samoni anaswaye katika mito ya Wales arudishwe majini akiwa hai. Wazee ambao baba zao na babu zao waliishi kwa mto waliambiwa wamwachilie samaki mkononi mwao. Ni amri ngumu, nayo ilikuja wakati samaki walipokuwa wamebaki wachache. Yafaa tujifunze kwa mfano huo wakati kwetu omena angali yupo.

YATUPASAYO

Msomaji wa Naitiri aweza kusema: Mimi sina mashua wala wavu, yote haya yanihusu nini? Jibu lake amelishika mkononi siku ya soko. Tena ni vema akumbuke historia ya mahali pake. Nchi yetu hii ilikuwa ya mashamba makubwa ya walowezi, ambayo yaligawanywa kwa wakulima wadogo katika miaka ya 1960. Tangu wakati huo mashamba yamegawanywa tena kati ya wana, na tena kati ya wajukuu, mpaka jembe limefika ukingoni mwa kijito. Hapana aliyekusudia ubaya. Kila mtu alitafuta mstari mmoja zaidi wa mahindi. Lakini tone na tone huwa mchirizi.

Mtu asiyesadiki na ajaribu jambo hili. Achukue chupa ya kioo, aijaze maji ya kijito cha jirani baada ya mvua kubwa ya Aprili, aiweke dirishani usiku kucha. Asubuhi ataona udongo umetulia chini. Apime unene wake kwa kidole. Kisha afikiri juu ya kijito chote, usiku kucha, na masika yote.

Dawa zake zajulikana, nazo hazihitaji mashine. Lima kwa kukata mteremko, wala usilime kwa kuufuata. Chimba makinga maji, na juu ya matuta yake panda majani ya nepia, ambayo yatashika udongo na kulisha ng'ombe. Usiyachome mabua ya mahindi. Yaache shambani yafunike ardhi. Weka mbolea kwa kipimo, wala si kabla ya mvua kubwa, maana mbolea ichukuliwayo na maji imelipiwa nawe na kuliwa na gugumaji. Zaidi ya yote, acha ukingo wa mto bila kulimwa. Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliagiza nafasi isiyopungua mita 6 na isiyozidi mita 30, kwa kadiri ya upana wa mto. Mita 6 ni hatua chache tu. Mkulima atakayeziacha atapoteza mistari michache ya mahindi, na ataokoa shamba lililobaki.

Wavuvi nao wana sehemu yao: kuuacha mdomo wa mto wazi wakati samaki wapandapo, kuutupa wavu wenye macho madogo kuliko yaliyoruhusiwa, na kuiheshimu miezi ya kuwapumzisha omena. Wako wengi wafanyao hivyo, nao husikitika waonapo kwamba subira yao ya miezi minne huharibiwa na tope la usiku mmoja.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Budalang'i ukuta umekwisha kujengwa, tena umevunjika na kujengwa upya mara nyingi kwa gharama kubwa. Ufa uko huku juu, katika makonde yetu, na kuuziba ni kazi ya jembe na majani ya nepia. Yeyote apataye nafasi ya kwenda Marenga na aende aone kwa macho yake, asalimie kwa "Mulembe," na anunue omena wake penye mchanga walipoanikwa. Atakaporudi Naitiri na kupita kando ya kijito chake, atajua maji yale yanakwenda kwa nani.